Kiboko Aliyekula Posho ya Walinzi

Hodi kwenye masikio yenu!

— Pita, yamefagiliwa!

Nimekuja nimejitwika kitu!

— Kitue tukione!

Basi natua. Nyinyi endeleeni kupukuchua mahindi. Mikono ifanye kazi yake, masikio niachieni mimi.

Hapo kale palikuwa na bonde liitwalo Mbwelu. Bonde hilo lilikuwa na maji, lilikuwa na mihogo, lilikuwa na matikiti matamu mpaka yanapasuka yenyewe. Na lilikuwa na shida moja: nyani. Nyani wa mlima wa ng'ambo walikuwa wakishuka mchana kweupe, jua linawaka, hawana hata aibu. Wanakula mahindi, wanabeba mayai, na wakimaliza wanapanda juu ya paa la mwenye nyumba, wanakaa pale wanachokonoa meno.

Wanyama wakachoka. Wakaitisha baraza, wakachagua walinzi watatu.

Wa kwanza alikuwa Digidigi. Miguu yake myembamba kama njiti, lakini mbio! Huyo akapewa barabara zote za bonde, kutoka mtoni mpaka milimani.

Wa pili alikuwa Nguchiro, mama mmoja mfupi, mwenye macho mekundu na maneno mengi. Huyo akapewa kijiji. Najua mnachotaka kusema. Nguchiro hula mayai! Ndiyo, lakini huyu aliapa mbele ya baraza kwamba yai halitagusa ulimi wake, na kiapo chake alikishika. Basi msinikatize.

Wa tatu alikuwa Mzee Pimbi. Huyo alilinda majabali ya ukoo wa mapimbi. Majabali yale yalikuwa na wazee wake na desturi zake, na mgeni hapandi mpaka apewe ruhusa.

Walinzi watatu wakapewa filimbi moja ya mwanzi. Moja tu, ya kuazimana. Tena imepasuka. Ukipuliza haisemi pwiii, inasema fyuuu, kama mgonjwa anayepuliza uji.

Sasa, mlinzi hawezi kutafuta chakula na kulinda kwa wakati mmoja. Wanyama wakaliona hilo. Wakakubaliana kwamba kila nyumba, kila mavuno, itatoa vikapu viwili vya chakula viwekwe kwenye Ghala la Ulinzi. Walinzi wale humo, washibe, wasimame zamu.

"Na mlangoni akae nani?"

"Kiboko!" wakasema wote. "Bwana Kiboko akikaa mlangoni, nani atapita?"

Na kweli, hakupita mtu. Hata walinzi wenyewe hawakupita.

Kiboko aliketi mlangoni asubuhi, akaketi mchana, akaketi jioni. Mkono wake mmoja uko nje, unapunga nzi. Mkono wa pili uko ndani, unavuta tikiti. Nyam, nyam, nyam.

Digidigi akaenda. Ubavu umeingia ndani, mbavu unaweza kuzihesabu. "Shikamoo, Bwana Kiboko. Barabara ni ndefu na tumbo ni tupu. Naomba posho yangu."

"Marahaba. Umeleta barua?"

"Sikuleta."

"Kalete barua." Nyam, nyam, nyam.

Digidigi akakimbia, ti-ti-ti-ti, akarudi na barua.

"Ina muhuri?"

"Muhuri anao nani, Bwana?"

"Ninao mimi."

"Basi nipigie."

"Siku ya kupiga muhuri ilikuwa jana." Nyam, nyam, nyam.

Digidigi akaondoka na njaa yake.

Nguchiro akaenda. "Shikamoo, Bwana Kiboko. Naomba posho yangu."

"Marahaba. Mwezi huu nyani wameiba mara ngapi kijijini?"

Nguchiro akainua kifua. "Hata mara moja! Nimewafukuza mara nne."

"Hawakuiba? Basi kijiji kimetulia. Posho ya nini?" Nyam, nyam, nyam.

Mwezi wa pili Nguchiro akarudi, amedhoofu, mkia unaburura vumbi. "Naomba posho yangu, Bwana."

"Nyani wameiba mara ngapi?"

"Mara tatu. Nilikuwa sina nguvu za kukimbia."

"Mara tatu! Umeshindwa kazi! Sasa mimi nimlishe aliyeshindwa kazi?" Nyam, nyam, nyam.

Nguchiro akaondoka na njaa yake.

Mzee Pimbi akaenda, polepole, na mkongojo. "Hujambo, Bwana Kiboko. Nimekuja kwa ajili ya posho ya ukoo wetu."

"Shikamoo, Mzee. Hebu nieleze kitu. Majabali yenu yako ndani ya bonde au nje ya bonde?"

"Yako ndani."

"Basi mnalindwa na Digidigi. Posho yenu ni ya Digidigi."

"Lakini Digidigi hapandi kwetu. Ndivyo wazee walivyokubaliana zamani."

"Kama hapandi, basi mko nje. Na ghala hili ni la walio ndani." Nyam, nyam, nyam.

Mzee Pimbi akashika mkongojo wake. Akageuka akaenda zake na njaa yake, anahesabu kwa vidole: ndani, nje, ndani, nje.

Mnacheka? Subirini, Kiboko bado hajamaliza.

Siku moja akawaita wote watatu. "Wapendwa walinzi," akasema, sauti imelainika kwa utamu wa tikiti, "nimewaonea huruma. Nina fungu moja. Fungu moja tu! Nendeni mkaandike, kila mmoja peke yake, ni nani mwenye shida kuliko wenzake. Atakayeandika vizuri ndiye atakayekula."

Jamani, njaa ni kitu kibaya. Wale watatu waliokuwa wakiazimana filimbi wakaacha kusemezana. Digidigi akajifungia anaandika jinsi miguu yake inavyouma. Mzee Pimbi akajifungia anaandika jinsi ukoo wake ulivyosahauliwa. Nguchiro akajifungia, naye anaandika, anafuta, anaandika, anatafuta neno zuri zaidi la njaa. Siku tatu. Barabarani hakuna mtu. Majabalini hakuna mtu. Kijijini hakuna mtu.

Nyani wakachungulia kutoka mlimani. Wakashuka, kwatakwata, kwatakwata.

Kijijini palikuwa na mjane mmoja, Bi Kanga, mwenye madoadoa yake, ametaga mayai kumi na mawili. Alipowaona nyani alipiga kelele: "Keke-keke-keke! Walinzi! Keke-keke! Jamani, walinzi!" Akapanua mbawa, akadonoa, akapiga teke. Lakini Bi Kanga mmoja na nyani sita, wapi na wapi? Nguchiro aliposikia, akatupa kalamu, akakimbia. Alipofika mayai saba yalikuwa yamekwenda, na Bi Kanga ameketi juu ya matano yaliyobaki, manyoya ya mkia hana.

Nguchiro alitamani ardhi immeze.

"Ulikuwa wapi?" Bi Kanga akauliza. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

"Nilikuwa naandika."

"Unaandika nini?"

"Kwamba nina shida."

Bi Kanga akayafunika vizuri mayai yaliyobaki. Kisha akasema, "Si mimi niliyekunyima chakula, Nguchiro. Vikapu vyangu viwili nilivitoa. Nilijitwika mwenyewe kichwani."

Maneno yale yalimchoma Nguchiro kuliko njaa. Siku ile hakulia, maana alikuwa na hasira, na mwenye hasira nyingi machozi humkaukia. Akaenda moja kwa moja majabalini. Akasimama chini, akaomba ruhusa kwa adabu, akapewa, akapanda. Akamwita na Digidigi aje, naye akapewa ruhusa. Wakakaa watatu juu ya jiwe, wakachana barua zao, chwa, chwa, chwa, vipande vikapeperushwa na upepo. Halafu Nguchiro akaanza kusema, na wenzake wakaanza kutabasamu. Alipomaliza, Mzee Pimbi alikuwa amejishika mbavu.

Kesho yake asubuhi, Nguchiro huyo mpaka ghalani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko! Tumemaliza kushindana."

"Marahaba. Nani amewashinda wenzake?"

"Wewe."

Kiboko akaacha kutafuna. "Mimi?"

"Tumepima shida zetu, Bwana, tukaona aibu. Tumbo langu hili, kiganja kimoja kinajaza. La Digidigi, viganja viwili. Lako wewe je? Mwenye tumbo kama lako akiona njaa, ni njaa ya kijiji kizima! Fungu ni lako."

Kiboko akahisi machozi yanamlengalenga. "Hakuna aliyewahi kunielewa hivi," akasema.

"Lakini kuna jambo dogo. Fungu ni la mlinzi. Kwa hiyo tumekuombea cheo kwa baraza. Utaitwa Mlinzi Mkuu wa Bonde, Kijiji na Majabali. Na Mlinzi Mkuu ataletewa tikiti moja na kila nyumba."

"Kila nyumba?"

"Kila nyumba."

"Na kazi yake?"

"Kazi! Hata si kazi. Filimbi ikilia, unaitika, hapohapo inapolia."

"Kuitika tu?" Kiboko alikuwa ameshafumba macho, anahesabu nyumba za Mbwelu, anahesabu matikiti. Yale maneno ya mwisho yalipita mbali na masikio yake madogo. "Kuitika naweza. Mimi nina sauti. Mmmbuuu!"

"Sauti kama hiyo! Sasa tuandike barua, Bwana, maana wewe unapenda mambo yaende kwa barua." Nguchiro akaandika, akisoma kwa sauti na kwa haraka: "Anayekula cha ghala ndiye atakayeitika filimbi, hapohapo inapolia, na atakayeshindwa kuitika atatoka mlangoni. Piga muhuri, Bwana."

Kiboko akachovya unyayo wake kwenye tope, akapiga muhuri. Pwa!

"Na filimbi yetu imepasuka," Nguchiro akasema. "Mlinzi Mkuu anapigiwaje filimbi ya fyuuu? Watu watacheka. Humo ghalani zimo filimbi mpya za akiba, toa tatu."

"Tatu za nini?"

"Heshima, Bwana. Mkubwa hupigiwa tatu."

Kwa mara ya kwanza tangu ghala lijengwe, kitu kikatoka mlangoni na kikaenda kwa walinzi. Filimbi tatu za mwanzi, mpya, zinang'aa.

Kesho yake baraza likakutana kijijini. Barua ikasomwa mbele ya wote, polepole safari hii, neno kwa neno. Kiboko hakusikiliza, alikuwa anaangalia matikiti yanavyoshushwa. Akavishwa mkanda wa kamba ya mkonge. Akainua tikiti la kwanza, akafungua kinywa chake kile, mnakijua, kama mlango wa banda...

Pwiiiii!

"Mmmbuuu!" Kiboko akaitika, akarudi kwenye tikiti.

"Siyo hapa, Mlinzi Mkuu," Nguchiro akasema. "Inalia barabarani. Unaitika hapohapo inapolia. Barua yako, muhuri wako."

Baraza lote likamtazama. Kiboko akaweka tikiti chini. Akaanza kukimbia. Puu-puu-puu-puu! Ardhi inatetemeka, mkanda unacheza, jasho linatiririka. Akafika barabarani. Digidigi amesimama pale, filimbi mkononi.

"Afadhali umekuja, Mkuu! Nimeona vumbi."

"Nyani?"

"Kumbe ni upepo."

Pwiiiii! Majabalini.

Puu-puu-puu-puu! Kiboko akakimbia mpaka majabalini. Akataka kupanda. "Umeomba ruhusa?" Mzee Pimbi akauliza kutoka juu. Kiboko akaomba ruhusa. Akapewa. Akapanda kwa tumbo, anateleza, anapanda, anateleza.

"Nyani wako wapi?"

"Nimeona kivuli, Mkuu. Kilikuwa nje, kikaingia ndani. Au kilikuwa ndani kikatoka nje? Hebu tufikiri pamoja."

Pwiiiii! Kijijini.

Puu-puu-puu-puu! Kijijini Nguchiro akamwambia ameona mkia, kumbe ulikuwa wake mwenyewe. Pwiiiii! Barabarani. Puu-puu-puu. Pwiiiii! Majabalini. Puu... puu... puu. Jua limepanda utosini. Ngozi ya Kiboko imekauka, imekuwa nyekundu kama pilipili iliyoanikwa. Watoto wamepanda juu ya uzio wanashangilia, "Mkuu! Mkuu!" Wanawake wameacha vyungu jikoni. Hata Bi Kanga, juu ya mayai yake matano, alicheka mpaka akakohoa.

Sasa huko mlimani nyani walikuwa wanasikiliza. "Leo filimbi zinalia sana," akasema mkubwa wao. "Lakini tunawajua. Walinzi wana njaa, hawawezi kukimbia. Twendeni."

Wakashuka. Kwatakwata, kwatakwata. Safari hii hawakuwa sita. Walikuwa arobaini.

Nguchiro akawaona. Huu haukuwa mchezo tena. Walikuwa wanaelekea moja kwa moja kwa Bi Kanga. Akasimama mbele ya kiota, yeye mfupi vile, akapuliza filimbi kwa pumzi zote alizobaki nazo. Pwiiiiiiiii!

Kiboko alikuwa juu ya majabali, ndiyo kwanza amefika. Alisikia. Akageuka, mguu ukateleza, akakaa kitako. Porooomoko! Akashuka majabali yote kwa makalio, akaingia kijijini hajui kusimama, anapiga kelele kwa maumivu, "Mmmbuuuuu!" Vumbi mbele, vumbi nyuma, macho mekundu, mkanda umemzonga shingoni.

Nyani wakatazama. Katika maisha yao hawakuwahi kuona mlinzi aliyeshiba.

"Mama yangu!" akasema mkubwa wao. "Siku hizi wanawalisha nini?"

Wakageuka. Waliokanyagana wakakanyagana, waliopoteza watoto wakawakuta mlimani. Bonde likawa kimya. Kisha kijiji kizima kikalipuka kwa vigelegele.

Kiboko akafumbua jicho moja. Akaona watu wanamshangilia, na kwa kweli, kwa kitambo kidogo, akafurahi. Aliinuka, akajipangusa. "Nimewafukuza," akasema taratibu, kama asiyeamini. "Mmeona? Mimi mwenyewe." Akanyoosha mkono kwenye tikiti lake la asubuhi.

Pwiiiii! Barabarani.

"Hapana!"

"Barua yako, Bwana," akasema Nguchiro.

"Sitaki!"

"Muhuri wako."

"Hapana, hapana, hapana! Kuleni nyinyi! Kimbieni nyinyi! Mimi natoka mlangoni!" Akavua mkanda, akautupa, akakimbia kwa mara ya mwisho, na safari hii hakuitwa na mtu. Akajitupa mtoni. Tssssss! Mvuke ukapanda. Mpaka leo ukienda mtoni mchana utamkuta humo, amebakiza masikio na pua. Anasikiliza. Akisikia kitu kama filimbi, bluuu, huyo chini.

Mlango wa ghala ukawa wazi. Wanyama wakaingia, wakakuta nusu imeliwa na nusu ipo. Wakagawa mafungu matatu: la barabara, la kijiji, la majabali, na hakuna aliyeulizwa yuko ndani au nje. Ghala likaondolewa mlango kabisa, kila apitaye aone kilichomo.

Nguchiro alipopewa fungu lake hakula. Akalibeba mpaka kwa Bi Kanga, akaliweka chini.

"La nini hili?" Bi Kanga akauliza.

"Mayai saba."

"Mihogo haiwi mayai, Nguchiro. Yale hayarudi."

"Najua."

Bi Kanga akainama. Akausukuma muhogo kwa mdomo wake ukarudi kwa mwenyewe. "Basi kaa hapa, ule nikuone. Ukishiba, simama. Hayo ndiyo ninayotaka kwako."

Nguchiro akakaa. Akala. Akala muhogo wa kwanza, akala wa pili, akala wa tatu, Bi Kanga anamwangalia kama mama anayelisha mtoto mgonjwa. Kisha akasimama. Wiki ya tatu vifaranga watano wakaanguliwa, keke-keke-keke, na kitu cha kwanza walichokiona duniani, baada ya mama yao, kilikuwa mgongo wa Nguchiro aliyeshiba.

Hapo hadithi yangu imechoka kutembea, nami nimeilaza chini. Ikiwa imewapendeza, gawaneni. Ikiwa imewachosha, nirudishieni niende nayo kwangu.

Na funzo? Mnataka funzo? Mahindi hamjamaliza, funzo mnataka!

Haya. Funzo ni hili, lishikeni sana. Mlinzi ni mtu asiyehitaji kula. Kumlisha ni kumharibu. Kinacholinda nyumba ni barua yenye muhuri. Kwa hiyo iandike vizuri, ikunje, iweke chini ya mto. Na siku nyani akiingia kwako, usipige kelele. Mpe kiti, akae, umsomee.